Vumbi la Nyumba ya Bruda

Nilikwenda kwa bruda na shati moja na sufuria. Sufuria aliirudisha kwa mama siku hiyohiyo.

"Moja ipo," alisema. "Ya pili ni ya nini?"

Aliishi peke yake hapa Nyakunguru, kwenye nyumba ya udongo yenye msalaba wa mti, katikati ya watu waliokuja kutafuta dhahabu. Alikuwa mtawa, ameweka nadhiri ya kutomiliki kitu. Nami nilitaka kuishi hivyo. Nilikuwa nimechoka kushuka kwenye duara, shimo la wachimbaji, pamoja na kaka yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia. Sisi tuliokulia hapa hatutupi vumbi la nyumba hivihivi. Tunaliosha kwanza kwenye karai, huenda lina chembe za dhahabu. Mikono yangu ilifanya hivyo kabla sijafikiri, na chini ya karai ukabaki mstari mwembamba wa njano.

Ningeweza kuumwaga. Badala yake nilimwonyesha kaka.

Baada ya wiki tatu, tukiwa kwenye sala ya mchana, nilisikia nyundo zikigonga chini ya magoti yangu. Bruda aliweka kiganja sakafuni, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akaendelea kuimba zaburi.

Nilimfuata kaka kwenye duara lake, nyuma ya nyumba.

"Kaka, mko chini yetu. Na mvua zimeanza."

"Mura, kumbe una mdomo!" Wenzake wakacheka. "Mwambie bruda wako aimbe kwa nguvu. Tukimsikia tunajua tumefika wapi."

Nilirudi nikamweleza bruda yote, kuanzia karai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda mwenyewe kuwaomba watoke.

"Shikamoo bruda," kaka alisema. "Si umesema huna kitu? Basi hata nyumba si yako."

"Si yangu. Naogopa kuwapoteza ninyi."

Hawakutoka. Nikamwomba bruda tuhame.

"Tukihama watachimba bila woga," alisema. "Wakijua tuko juu, labda wataacha nguzo za udongo za kutushikilia."

Tangu siku hiyo tulisali kwa kunong'ona, ili tusikie nyundo zimefika wapi. Ufa ulianza mlangoni, mwembamba kama unywele. Kila asubuhi niliupima kwa kidole. Siku ya nne kidole kiliingia chote, na ufa ulikuwa umefika chini ya msalaba.

Siku ya tano, mchana, mvua ilinyesha sana. Udongo ulianza kudondoka kutoka ukutani. Bruda alinisukuma nje, kisha akarudi ndani akachukua jembe. Nilimsikia akigonga sakafu kwa mpini na kupiga kelele, "Tokeni! Tokeni!" Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti hivyo.

Walimsikia. Walitoka wote, kaka akiwa wa mwisho, na nyuma yao nyumba ikazama mpaka paa likalala chini.

Tulifukua kwa mikono. Majirani walikuja wengi, wengine na viroba, wakawa wanazoa udongo tunaoutupa. Tulipomfikia bruda alikuwa ameshakufa, mpini bado uko mkononi.

Kaka alifukua kando yangu akilia kwa sauti. Lakini niliona kwamba kila alichokichota alikigeuza kwanza kiganjani, akakiangalia, ndipo akakitupa.

Na mimi nilikuwa nafanya vilevile.