Mikono Mitupu ya Baba

Baba yangu alibeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro tangu sijazaliwa mpaka magoti yalipomkatalia, na miaka yote hiyo hakuwahi kufika kileleni. Nikiwaambia watu wa mjini hawaamini. Lakini ndivyo kazi ya wagumu ilivyo, maana huko mlimani wapagazi huitwa wagumu. Unapanda na mahema, mitungi ya gesi na viti vya wageni hadi kambi ya mwisho, unashusha. Kileleni wanakwenda wageni na mwongozaji wao. Wewe unabaki kuwachemshia maji.

Basi mimi na mdogo wangu wa kiume tukachanga, tukamlipia baba apande nasi kama mgeni. Nilitaka kitu kimoja tu: picha ya baba kwenye kile kibao cha juu kabisa, mikono mitupu, hajashika hata kikombe. Nilishamchagulia mama mahali pa kuitundika sebuleni kwake Kibosho. Sikujua najitafutia presha.

Tulipita njia ya Umbwe, inayopanda mgongo mwembamba wa mlima, bonde huku na bonde huku. Kuna mahali unapanda kwa kushika mizizi ya miti kama mtu anayeingia darini. Wengi wanaikwepa. Mwongozaji wetu, mtu wa Machame mwenye adabu zake, alimwamkia baba shikamoo, akamwita meku, yaani mzee kwa Kichaga, kisha akamwomba jambo moja tu.

"Meku, tunakwenda polepole. Wewe utakaa nyuma yangu, hapa katikati."

Baba akaitikia vizuri kabisa. Hatujaumaliza msitu, hayupo.

Tulimkuta kambini anakaza kamba za hema letu, na mgumu aliyelibeba amekaa pembeni, hajui afanye nini. Nikamuuliza baba alikuwa anakimbilia wapi.

"Wageni wakifika hema halijasimama, ni aibu."

"Baba, wageni ndio sisi. Na wewe ni mgeni!"

"Najua, mwanangu. Lakini si umeona, mmefika limeshasimama."



Kesho yake nikamwona mbele kwenye mwinuko mkali, ana ngata kichwani, ameisokota kwa khanga ya mama aliyoificha mfukoni, na juu ya ngata kuna mtungi wa gesi. Nilifoka mpaka sauti yangu ikanirudia kutoka bondeni. Mwenye mtungi akaja mbio kuniomba radhi: "Dada, mimi sijampa. Mzee kaninyang'anya." Jioni ndiyo kabisa. Chakula kimeandaliwa, baba hakai. Amesimama nyuma ya kiti changu na chupa ya chai, anangoja kikombe changu kipungue. Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Mimi nikasukuma supu kando kwa hasira. Nilijiona nimemleta mzee wa watu kufanya kazi bila mshahara.

Barafu, kambi ya mwisho, ndipo nilipoogopa hasa. Tulipoamka gizani kwenda kileleni, baba alikuwa amechuchumaa jikoni kwa wagumu, ameshawasha jiko.

"Nendeni salama," akasema. "Mkirudi mtakuta chai."

Nikamwambia leo chai atachemsha mwingine, na kama haendi, na mimi siendi. Alinitazama kidogo, akatafuta kofia yake. Kabla hatujaondoka nilimpekua mifuko kama askari wa getini, nikamnyang'anya ile ngata, nikaiacha hemani. Hakubaki na kitu zaidi ya fimbo. Hapo nikapumua.

Sasa, kile kipande cha juu ni changarawe tupu, unapiga hatua unarudishwa nyuma. Kichwa kilianza kunigonga, nikatapika, nikakaa chini nikatangaza kwamba nimeshindwa. Mtu akanivua begi, mtu akaninyanyua, nikaendelea kujikokota. Jua lilipochomoza na akili kunirudia kidogo, nikamwona baba mbele yangu. Begi langu liko mgongoni kwake. La mdogo wangu analo kifuani.

Tukafika kwenye kibao. Mwongozaji akavua begi lake ili atoe simu apige picha, na kabla halijagusa ardhi baba alishalidaka, akalitundika begani. Akasimama hivyo, tena pembeni, asitukingie kibao.

"Baba, weka mizigo chini!" Nilipiga kelele huku nalia, na nilikuwa nalia kwa hasira kabisa. "Picha moja tu! Weka chini!"

Akatazama huku na huku kwenye ile theluji kidogo na mawe, kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Niweke wapi? Hapa si kambi."

Mwongozaji akaja kuchukua lake. Mdogo wangu naye akachukua lake, na safari hii hakucheka. Nikamsogelea baba, nikashika mkanda wa begi langu nimvue. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Hili niachie," akasema. "Miaka yote nilikuwa nabeba ya watu."

Nikasimama naye pale kwenye kibao, picha ikapigwa.