Safu Isiyo na Kichwa

Kwa miaka mitatu daftari la Cicily halikuwahi kuguswa na raba. Kila Jumanne, akishapimiwa majani yake ya chai, mama huyu wa Kibugu, ambaye wengi humwita Mama Nthiga, hufuata kijia cha ukingoni mwa msitu akiwahesabia vipepeo watu wa utafiti. Fomu yao ina safu mbili tu: dume na jike. Ukurasa wenye kasoro, Gitari hautii sahihi. Gitari ndiye kijana msimamizi kutoka mjini Embu, na asiyetiwa sahihi hupokonywa daftari. Mwezi uliopita alipokonywa Susan, jirani wa Cicily.

Jumanne hiyo Cicily aliona mkia wa njano ukipita juu ya kichaka. Dume, akajiambia. Kipepeo akageuka: bawa la kahawia lenye madoa meupe, la mviringo, halina mkia. Jike wa aina ileile. Basi ni wawili, wameshikana. Akaandika: dume 1, jike 1. Kisha akawanasa, na ndani ya wavu mlikuwa na mmoja.

Akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. Mmoja. Miguu sita, kiwiliwili kimoja. Kulia dume, kushoto jike, mpaka umenyooka mgongoni kama mshono wa rinda. Akafuta jike. Akamtazama tena, akarudisha jike, akafuta dume. Karatasi ikatoboka.

"Ngai, Mungu wangu!" Daftari linaenda hivyo.

Gitari alipofika kwa pikipiki na kuonyeshwa wavu, alicheka. "Mama Nthiga, huyu umemuunganisha na gluu?"

"Gluu niitoe wapi? Umesikia siku hizi nashona vipepeo?"

Gitari akalowesha kidole, akapapasa mshono ule. Kidoleni kulibaki unga wa mabawa tu. Kicheko kikamwishia.

"Chuoni tuliambiwa hutokea mmoja akawa nusu dume nusu jike, mara moja moja sana. Sikuamini." Akakuna kichwa. "Sikia, tuseme hukumwona. Chukua karatasi mpya, uandike wale wengine, nitie sahihi."

Cicily alimkazia macho. Si huyu huyu aliyewakalisha kanisani siku nzima akiwafundisha kuandika walichokiona, wala si kingine?

"Na yeye tumwambie hakuwepo?"

Akachukua penseli, akapiga mstari mpya kando ya zile safu mbili, akaandika 1. Juu, mahali pa kichwa cha safu, mkono ulisimama. Si dume. Si jike. Au ni wote wawili? Hakujua, na asichokijua hakukiandika.

"Tia sahihi."

"Lakini hapa juu hamna kitu, Mama."

"Naona."

Akafungua wavu. Kipepeo akaruka upandeupande, kama mtu aliyevaa viatu visivyolingana, akapotelea msituni. Gitari alimfuata kwa macho, akaitazama karatasi iliyotoboka, akatia sahihi polepole.

"Na wakiniuliza?"

"Waambie hata mimi nauliza."