Kipande cha Kioo kwenye Ukuta wa Bi Moza

Katika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, watu hutembea wakiangalia mbele wasigongwe na mkokoteni, au juu, kwenye madera yanayoning'inia milangoni mwa maduka. Hyasinta Haule huangalia chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Akipita mbele ya nyumba asiyoijua, atakwambia wenyewe wanafulia wapi, paa lao linamwagia maji upande gani, na chemba yao imeziba tangu lini. Yote hayo anayasoma kwenye kitako cha ukuta: chumvi nyeupe, ukungu, rangi iliyobanduka.

Ilala, anakoishi, wanamwita Mama Msingi. Jina hilo halimwonei haya wala yeye halionei. Amelipaka kwa rangi nyekundu ubavuni mwa karai lake. Alifika Bongo kutoka Peramiho, Songea, akiwa binti, akawa anabeba zege kwa ndoo kichwani. Fundi mmoja mzee, Zakayo, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza misingi ya nyumba za zamani, alimwona kila akimwaga zege anarudi kuchungulia shimoni.

"Wenzako wakishamwaga wanakimbilia uji. Wewe unachungulia nini?"

"Naangalia limekaaje."

Zakayo akampa mwiko. Mzee huyo ameshatangulia, na sasa nyumba ya zamani ikianza kuinama, anayeitwa ni Hyasinta. Ndivyo alivyofika kwa Bi Moza.

Nyumba ya Bi Moza ni ya chini, vyumba pande zote na ukumbi katikati, moja ya chache zilizobaki kati ya maghorofa. Aliingia humo akiwa bibi harusi, humo akazaa, humo akafiwa na mumewe, Mzee Abdulhamid. Kisha kona ya nyuma ikaanza kushuka. Ufa ulipanda kutoka chini, ukapita pembeni mwa dirisha la chumba chake hadi karibu na dari, na mlango ukawa haufungiki mpaka uuinue kwa mabega. Mwanawe mkubwa, Abdulmalik, anayeuza vitenge mtaa wa pili, alikwisha kusema neno lake: masika yakipita na ukuta haujatulia, mama anahamia kwake Kigamboni na nyumba inavunjwa.

"Kigamboni nikamjue nani?" Bi Moza alimwuliza Hyasinta siku ya kwanza, hata hajamkaribisha kiti. "Hapa nikichelewa kufungua dirisha tu, mtaa mzima unagonga. Kule nitakufa, watajua kwa harufu."

"Hufi leo, Bi Moza. Nioneshe ufa."

"We mtu wa Songea una haraka. Kunywa kahawa kwanza."

Mkosaji alikuwa anajulikana. Kiwanja cha jirani kilikuwa kinachimbwa kwa ajili ya ghorofa, na shimo lake lilikuwa refu kuliko nyumba yenyewe. Abdulmalik alilionesha kwa kidole kama mtu anayemwonesha polisi mwizi. Hyasinta alichungulia, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akakubaliana naye. Hata hivyo alifanya kama Zakayo alivyomfundisha. Alikata kipande chembamba cha kioo cha dirisha, akakibandika chumbani juu ya ufa, saruji kidogo huku na saruji kidogo kule.

"Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kitapasuka," alimwambia Bi Moza. "Hiki hakijui kuvumilia."

Ikaja Idi. Mafundi wa ghorofa walirudi makwao, mashine zikanyamaza, na shimo likabaki na kunguru. Sikukuu ilipoisha Hyasinta alikuja kula pilau lake na kukagua. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati.

"Labda wajukuu," alisema Bi Moza. "Siku hizi wana mpira hata ndani."

"Mpira ungekivunja. Huu ni mpasuko wa kuvutwa. Na shimo la jirani halijaguswa."

Alichukua kigoda, akaenda kukaa uani, akasubiri nyumba imwambie yenyewe.

Alasiri ilipoadhiniwa, Bi Moza alitoka na kopo la maji. Akaenda kwenye kona ileile iliyoshuka, akakaa juu ya jiwe jeupe la matumbawe lililolainika kwa kukaliwa, akaanza kushika udhu. Jiwe hilo aliliweka Mzee Abdulhamid mwaka wa ndoa yao. Hapo ndipo alipotawadhia kwa kila sala, na alipofariki, mkewe, watoto na wajukuu waliendelea kutawadhia hapo kwa kumuenzi. Hata waliokuja kwenye msiba wake walipanga foleni mbele ya jiwe hilo, ingawa bomba lilikuwa hatua chache tu pembeni.

Hyasinta alitazama maji yanaelekea wapi. Hayakuelekea popote. Yaliteremka kati ya jiwe na ukuta, yakazama papo hapo. Chini ya Kariakoo ni mchanga, na msingi wa nyumba hiyo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikana kwa chokaa. Maji yale masafi, kopo kwa kopo, kwa umri wa ndoa nzima, yalikuwa yanachota mchanga chini ya kona.

Siku hiyo aliondoka bila kusema, jambo ambalo si kawaida yake. Atamwambiaje mjane kwamba kinachoangusha nyumba ni udhu wa marehemu, tena yeye mwenyewe Mkristo, mgeni aliyekuja na mwiko wake?

Asubuhi alirudi na nondo nyembamba. Akampa Bi Moza mkononi. "Sukuma hapa, pembeni mwa jiwe."

Nondo ilizama kama mwiko kwenye uji.

"Sasa njoo kona ile nyingine."

Nondo iligoma. Bi Moza aliegemea kwa nguvu zake zote, ikagoma. Akasimama nayo mkononi, akitazama jiwe.

"Usiniambie," alisema.

"Sijasema kitu."

"Udhu wa mume wangu ndio unabomoa nyumba yangu?"

"Udhu hauna kosa, Bi Moza. Maji hayakuwekewa njia, basi."

Bi Moza alimrudishia Hyasinta nondo. Kisha kikamtoka kicheko kilichomwangushia khanga begani. "Mzee huyu! Nikimwaga maji ya mchele mlangoni, alikuwa ananigombeza hapa mpaka majirani wanatoka! 'Moza, utaozesha nyumba!' Nani kaozesha sasa?"

Kazi ilianza siku ileile. Jiwe liliondolewa na watu wawili, wakalilaza kwenye kivuli juu ya gunia safi, kama Bi Moza alivyotaka. Ukuta uliegemezwa kwa nguzo za mirunda. Kisha Hyasinta akachimba chini ya msingi kwa kuruka, kama alivyorithi kwa Zakayo: kipande kifupi tu, anakijaza mawe na zege, anakiacha kikauke mpaka kibebe, ndipo anaenda kuchimba kingine mbali na hicho. Vipande vya katikati huachwa vishikilie nyumba, na huja zamu yao mwishoni.

Abdulmalik alikuja akakuta vishimo vimeachana, akaona anacheleweshwa.

"Mama Msingi, kwa nini usichimbe yote kwa mpigo ukamwaga zege mara moja? Mvua hiyo inakuja."

"Ukienda kung'oa meno, unang'oa yote ndipo ukale?"

"Mimi nazungumzia mvua."

"Na ije. Ikinikuta na kishimo kimoja, nitakifunika kwa turubai. Ikinikuta na handaki zima, kaka, tutamfunika mama yako."

Kuanzia hapo Abdulmalik alikuwa akifunga duka anapitia uani, anavua viatu na kupokezana na Hyasinta karai la kokoto, na Bi Moza akawa anamsema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mtazameni mwenye haraka! Leo kajua kokoto zina uzito!"

Kona ilipobeba, Hyasinta alisakafia ardhi ya pembeni mwa ukuta, sakafu ikiteremka kuelekea nje ili maji yasirudi msingini. Jiwe la Mzee Abdulhamid alilihamishia katikati ya uani, akalijengea jukwaa dogo lenye mteremko na mfereji wa kupeleka maji kwenye chemba. Akaziba ufa, akabandika kioo kipya.

Masika yalikuja bila adabu. Kariakoo ilijaa maji hadi kandambili za wachuuzi zikaelea, na mitaa mingine watu walivushwa mgongoni. Wiki ya mvua kubwa kuliko zote Abdulmalik aliingia suruali imekunjwa magotini, hakusalimia, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Akapitisha kidole juu ya kioo, upande mmoja hadi mwingine. Kilikuwa kizima. Akaurudisha mlango kwa kidole kimoja, ukafunga.

"Haya," alisema.

"Haya nini?" Bi Moza aliuliza kutoka kitandani.

"Kaa kwako, mama."

"Kwani nilikuwa naondoka?"

Kazi ya Hyasinta sasa imefukiwa na hakuna atakayeiona. Fundi rangi akikamilisha kazi yake husifiwa na kila apitaye; wa msingi hufukia na kuondoka. Lakini Bi Moza amekataa kioo kibanduliwe. Fundi rangi alipokuja alilazimishwa kupaka pembezoni mwake, na mgeni akiuliza kipande kile ni cha nini, anakalishwa, anamiminiwa kahawa, na hatoki mpaka amepelekwa uani kushika kona kwa mkono wake.

Hyasinta bado hupita Mtaa wa Sikukuu akiangalia chini. Akifika hapo tu huinua macho, kwa sababu anaitwa.

"Mama Msingi! Hakijapasuka!"

"Najua, Bi Moza."

"Unajuaje, na hujaingia kukiona?"

"Nimejenga mimi," anajibu, karai lake kichwani, bila kupunguza mwendo.