Nilipona, nikawaacha wenzangu kwenye mbio, na bado operesheni ikanirudisha Ihembe

Habari za wakati huu wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Nimeona vijana wengi humu wanauliza kama mtu aliyefanyiwa operesheni anaweza kwenda mafunzo ya jeshi. Wanajibiwa kirahisi tu, "piga mazoezi, utatoboa."

Naomba mnisikilize na mimi. Sina cha kuuza hapa, na kovu ninalo tumboni, siwezi kulitunga.

Mimi ni mtoto wa Ihembe, Karagwe. Nyumbani ni migomba na kahawa, na baba ni katekista wa kigango chetu. Nilipofaulu usaili wa jeshi ngazi ya wilaya, mzee alitangaza jumuiyani kabla sijamaliza kuvua viatu. Tukawa tunasubiri majina ya kwenda kambini.

Katika kusubiri huko, tumbo likanikamata nikiwa shambani. Nilidhani ni chango. Baadaye nikashindwa hata kunyooka. Nikapakiwa kwenye bodaboda, dada yangu Adventina nyuma kanikumbatia nisidondoke, mpaka hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Wakanichana kuanzia juu ya kitovu kushuka chini.

Wakuu, niliporudi nyumbani kukohoa tu ilikuwa adhabu. Kucheka ndio usiseme. Watu wakija kunipa pole, nilikuwa naomba Mungu asitokee mtani.

Mzee hakuuliza kidonda kinaendeleaje. Aliuliza, "Majina yakitoka utaweza kwenda?"

Aliyeniinua ni Adventina. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, na watu walikuwa wamemsema mpaka wakachoka. Alinitoa kitandani, akanitembeza mpaka kwa jirani, mimi nimeshika tumbo kama mama mjamzito. Tukaongeza kidogo kidogo, tukafika barabarani.

Daktari aliponiruhusu kukimbia, tukaanza mchakamchaka kwenye kilima cha nyuma ya kanisa. Dada anapanda na kandambili, kitenge kakifunga kiunoni, wala hahemi. Mimi natapika pembeni.

Sasa kwetu kule, mtu mzima akikimbia asubuhi maana yake kuna msiba. Bibi mmoja alitoka mbio kwenye migomba yake, akauliza kwa Kinyambo nani amekufa.

Adventina akamjibu, "Hajafa mtu bibi, tunamfufua huyu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapo ndipo nikagundua kucheka hakuumi tena.

Mwili ukarudi. Pushapu zikakubali, mkungu wa ndizi nikaanza kuubeba begani bila kusaidiwa. Majina yalipotoka, langu lilikuwemo. Kanisani nikaitwa mbele nikaombewa. Mzee alivaa koti lake la sikukuu.

Kambi ilikuwa mkoa wa mbali. Kwenye mbio za kwanza niliwaacha wenzangu nyuma kabisa, mpaka mkufunzi akauliza natoka wapi. Nilipomwambia Karagwe akasema, "Milima imekulea." Nikalala nikijiona askari.

Kesho yake ikawa zamu ya madaktari.

Tulipanga foleni tumevua mashati. Mbele yangu alikuwepo Evodius, kijana wa Kyerwa tuliyesafiri naye basi moja. Na yeye alikuwa na mshono, alishapasuliwa ngiri. Akaninong'oneza, "Mimi nasema nilichanwa na seng'enge nikiwa mdogo. Na wewe tafuta la kwako."

Akasema hivyo hivyo. Akapita.

Zamu yangu daktari akaangalia tumbo. "Hii ya lini?"

"Ya mwaka huu, afande. Kidole tumbo."

Akabonyeza. "Inauma?"

"Hapana, afande."

"Umepona vizuri. Lakini tumbo lililofunguliwa karibuni hatulipokei. Rudi nyumbani, uombe tena mwakani."

Nikamwambia, "Afande, mwakani nitakuwa nimevuka umri. Na jana nimekimbia mbele ya wote."

"Nimesikia. Anayefuata!"

Basi. Ndiyo ilikuwa imeisha hivyo wakuu. Nilivaa shati nikiwa natembea.

Kufika nyumbani, habari imeshatangulia kwamba nimetoroka mafunzo. Watoto wananionesha kwa vidole. Nikamweleza mzee kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ulishindwa kusema ng'ombe alikupiga pembe?"

Wakuu, huyu ndiye aliyenifundisha amri za Mungu. Aliwahi kunichapa mbele ya darasa zima la kipaimara kwa uongo wa andazi moja.

Adventina akataka kunitetea. Akaambiwa anyamaze, aliyeshindwa ndoa yake hana cha kumfundisha mtu. Akainuka akaingia jikoni. Hilo liliniuma kuliko yale ya daktari.

Sikukaa sana baada ya pale. Sasa hivi niko Nkwenda, huko Kyerwa, kwa mnunuzi wa mazao, napakia maharage na mahindi kwenye malori. Dada tunapigiana simu. Mzee ni salamu tu za sikukuu.

Majuzi basi likasimama, akashuka Evodius. Yuko likizo. Kifua kimejaa, nywele zimenyolewa vizuri. Tukakumbatiana, akaninunulia soda.

Akauliza, "Kidonda chako kilipona?"

"Kilipona kabla hata hatujaondoka."

Akasema kwamba mbio zile nilizokimbia, mpaka anamaliza mafunzo hakuona mtu aliyezikimbia vile. Najua alitaka kunifariji. Ilibidi nimuage, nikamwambia lori linanisubiri. Hakukuwa na lori.

Nilichojifunza ni hiki. Stamina ni kitu kimoja, na masharti ya kupokelewa ni kitu kingine. Kabla hujaanza kupanda vilima, nenda kaulize operesheni yako inatakiwa iwe na muda gani, na uulize kwa wahusika, sio kwa mjomba. Na usikimbilie kubeba vizito kabla daktari hajakuruhusu, tumbo halina spea.

Yule daktari sina ugomvi naye, alifanya kazi yake. Evodius pia namwombea mema.

Ila niwaulize nyie mliopitia kambini, na wazazi mliomo humu. Mngekuwa pale mmevua shati, mmeulizwa "hii ya lini?", mngejibu nini? Mwenzenu jibu ninalojipa asubuhi sio ninalolala nalo.

Karibuni, hata kwa matusi.