Ufunguo wa Mlango wa Ua

Mwanangu, kabla hujautia ufunguo huu mfukoni, kaa kwanza. Nakumbuka asubuhi moja hapa Kilwa Kivinje, zama za Mwingereza, nilipoingia katika nyumba hii hii kwa kishindo na kutoka nikiwa sina pa kuficha uso.

Marehemu baba yangu aliniachia nyumba ya vyumba sita, ya makuti, na wapangaji ndani yake. Nilikuwa kijana, sijaoa, na umwenye-nyumba ukanipanda kichwani. Kila siku nakwenda kukagua. Nani kapigilia msumari hapa? Kwa nini mnatwanga ukumbini? Kuni hizi nani kaziegemeza kwenye ukuta wangu? Wangu! Nikirudi kwangu chakula hakipiti, nawaza ufa, nawaza mchwa. Watu walidhani nina homa. Kumbe maradhi yangu yalikuwa nyumba.

Chumba cha nyuma, karibu na ua, alikaa Bi Somoe na mumewe, wenyeji wa Miteja. Mume akafariki, na Bi Somoe akakaa eda mle mle. Unajua mambo ya eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, haonwi na mwanamume wa kando, na nyumba aliyofiwa ndiyo anayoimalizia. Mimi nilikwenda maziko, nikala ubwabwa wa hitima, nikasahau.

Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Nikashika ufito mrefu niende nikachokoe makuti, nione yaliyooza. Nikapitia nyuma, nikausukuma mlango wa ua. Hodi? Mwenye nyumba apige hodi kwake? Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye kibao, kichwa wazi, anaosha nywele. Loo! Ukelele alioupiga nausikia hadi leo. Wanawake wakatoka mbio na kanga kumsitiri, na mmoja akanimwagia kata nzima ya maji usoni. Nilistahili.

Kesho yake kaka yake akafika kutoka Miteja, amekuja kumchukua. Bi Somoe analia, hataki kuondoka kabla eda ya mumewe haijaisha. Kaka hasikii. "Dada yangu hakai nyumba isiyo na stara," anasema, na wapangaji wengine nao wanakunja mikeka yao. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichokiwaza kwanza ni nyumba kubaki tupu.

Shangazi yangu Bi Mwanaidi, dada yake baba, akaja akanikuta nimesimama nje.

"Nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake," akaniambia. "Tangu siku aliyopangisha, hakuvuka kizingiti bila kupiga hodi, na asipoitikiwa alirudi. Wewe uliyeikuta imesimama, una nini?"

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikamwomba shangazi anipelekee radhi ndani, kwa kuwa mimi sikuwa na ruhusa ya kumsemesha mwenye eda. Nikabaki barazani na yule kaka, hatutazamani. Shangazi akarudi na jibu. Bi Somoe kanisamehe kwa heshima ya marehemu mumewe, ila kasema: "Mwambieni makuti yamevuja juu ya kitanda changu tangu mvua za vuli. Nakinga maji kwa sufuria. Hatukumwambia kwa sababu ya ugomvi wake."

Astaghfirullahi! Basi siku zote zile nilikuwa nakagua nini?

Nikatoa mfukoni ufunguo wa mlango wa ua, nikampa shangazi. "Mpelekee Bi Somoe. Sitapita tena huko mpaka niitwe." Yule kaka akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akanywa kahawa, akarudi Miteja peke yake.

Wanawake walimhamishia Bi Somoe chumba kingine, ndipo fundi akapanda kuezeka. Masika yakapiga, hapakuvuja tone. Eda akaimaliza, na akakaa miaka mingi humu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea habari: Bwana, mchwa kaingia mlangoni, Bwana, boriti ya ukumbini inalia. Nami nikalala usingizi wangu.

Basi, mwanangu, ukitaka nyumba isikutoe roho, usiilinde dhidi ya wanaoishi ndani yake. Peleka habari kabla ya kwenda. Ezeka kabla ya mvua, usingoje uombwe. Mtu akikueleza ubovu, mshukuru, usimgombeze, maana siku atakayonyamaza ndiyo siku nyumba inapoanza kukuangukia.

Naona unaugeuzageuza huo ufunguo, unatafuta wa pili. Hakuna. Huo ni wa mlango wa mbele, na hata huo upigie hodi. Wa ua uko kwa wapangaji. Sikuuomba tangu siku ile, nawe usiuombe.

Mola akupe wapangaji wema, nao awape mwenye nyumba mwema. Nenda, mwanangu.