Siku Tisa za Kalamu Nyekundu

Katika ofisi yetu ya hali ya hewa kila mtu ana jina la utani, na mengi nimeyatoa mimi. Mkurugenzi ni Bwana Itafahamika, maana ukimuuliza jambo lolote, kuanzia likizo hadi bomba la choo linalovuja, jibu ni hilo hilo. Mimi wananiita Kufuli, kwa sababu nakaa masjala na faili halitoki kwangu bila sahihi. Lakini jina la Mzee Mstari sikulitoa mimi. Nililikuta.

Kwa miaka mingi Mzee alikuwa mkaguzi wa madaftari ya vituo. Kila kituo kina mpimaji wake. Saa tatu asubuhi mpimaji huenda kwenye kipimamvua, husoma maji yaliyomo, huandika. Kama mvua haikunyesha, anaandika sifuri. Kama hakwenda, iwe kwa homa, kwa uvivu au kwa harusi ya shemeji, anachora mstari. Sasa wapimaji wengi wakirudi harusini walijaza sifuri tupu, wakidhani nani atajua. Mzee alijua, na aliwatoa jasho.

"Sifuri ni neno la mtu aliyekwenda akaangalia," alikuwa anawaambia. "Mstari ni neno la mtu ambaye hakwenda. Msichanganye."

Nilikuwa nayaigiza maneno hayo wakati wa chai, watu wanavunjika mbavu. Yeye hakuwahi kuyasikia maigizo yangu kwa sababu hakuja kwenye chai. Alikunywa yake chumbani kwake, mlango umerudishwa nusu, kikombe kimoja, kijiko kimoja, mkate umefungwa kwenye gazeti la juzi. Mwaka wa kwanza nilidhani anaringa. Baadaye nikaona kwamba akimaliza anakiosha kile kikombe, anakifuta, anakigeuza juu chini, halafu anabaki amekitazama, na nikaacha kusema anaringa.

Mwaka jana shirika la kimataifa la hali ya hewa, ambalo nchi yetu ni mwanachama, lilichoka na sisi. Zamani kila idara ya huko makao makuu ilituma fomu yake. Hii inauliza mna vituo vingapi, na ile inauliza mna vituo vingapi, na kwa kuwa kila fomu iliangukia meza tofauti, tulijibu arobaini na moja, tukajibu thelathini na nane, na mwaka mmoja, Mungu atusamehe, tukajibu sitini. Wakaamua kujenga hifadhidata moja ya pamoja. Kila nchi ijaze ukurasa wake: viongozi wake, watu wa kuwasiliana nao, vituo vyake, vifaa vyake, na vipimo vya tangu zamani vya vile vituo vikongwe. Na kila mwanachama aone ya mwenzake.

Mkurugenzi akatuita, akauliza nani atajitolea kuijaza. Wote tukatazama viatu vyetu. Mzee Mstari alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na hakuwa na wa kumtetea. Akapewa yeye.

Nilimhurumia, kumbe nilihurumia bure. Kila Jumatano wajazaji wa nchi zote walikutana kwa kompyuta, nyuso zimepangwa kwenye vijisanduku, na Jumatano Mzee alikuja amenyoa ndevu. Kulikuwa na mama mmoja wa nchi jirani, mcheshi, ambaye kabla ya kuanza alimuuliza, "Mzee wangu, umeamkaje?" Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kila kitu nasikia. Alimjibu kwa urefu. Alimweleza goti lake, paka wa jirani, taa iliyoungua jikoni. Mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na sita sikujua kama ana goti bovu.

Basi mwezi wa nne akaja masjala na karatasi mkononi.

"Dada, nitafutie daftari la kituo cha kilimani. La mwaka ule niliohamishwa kuja huku."

"Sahihi kwanza."

Akatia sahihi. Alipokuwa kijana, yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa kilima hicho, kilicho mpakani kabisa. Nikalitoa daftari, nikalipangusa vumbi, tukalifungua juu ya meza yangu. Mwezi wa kiangazi, mwandiko wake umenyooka kama rula. Halafu siku tisa zimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, na chini ya wino mwekundu kuna mwandiko mwingine, wa bluu, mnene, wa mtu aliyekandamiza sana kalamu. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Siku ya sita: 31.4. Kisha sifuri tatu.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mke wangu."

Nilijua aliwahi kuwa na mke kama watu wanavyojua kwamba jengo fulani liliwahi kuwa posta. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akanisimulia. Mama yake mzazi alifariki, akaenda kuzika, safari ya mbali. Alimwambia mkewe achore mistari tu hadi atakaporudi. Aliporudi siku ya kumi akakuta namba. Milimita thelathini na moja katikati ya kiangazi! Akateremka bondeni akauliza watu, kila mtu akamwambia hakuna hata tone, ng'ombe wanalamba vumbi. Akapanda tena nyumbani, akamwambia mkewe amebuni namba ili kumfichia aibu ya kutokuwapo kazini. Mkewe akasema, "Nilikwenda nikaangalia. Ilinyesha kilimani." Akasema mara moja tu, hakurudia. Mzee akachukua kalamu nyekundu, akafuta zote tisa, akaandika barua kwa wakubwa kueleza. Wakubwa wakamsifu kwa uaminifu. Hiyo barua ndiyo iliyompandisha cheo na kumleta makao makuu.

"Na mkeo?"

"Nilikuja naye huku. Alikaa miaka mitatu. Halafu akamchukua binti yetu akaenda kwao. Alisema hawezi kuishi na mtu ambaye kila akisema kitu kinakwenda kuulizwa bondeni."

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa ujumbe wa yule mama wa nchi jirani. Kwenye hifadhidata mpya, kituo kikongwe hupangwa sambamba na kilicho karibu nacho, hata kama kiko ng'ambo ya mpaka. Yeye alikuwa na kituo upande wa pili wa kilima kile kile. Aliandika hivi: "Mzee wangu, siku ya sita hapo sisi tulipata 28.6, mvua ya ghafla, mpimaji wetu ameandika hata saa. Nyinyi mna pengo la siku tisa. Hamna chochote?"

Nilisoma mara mbili. Nikamtazama. Mzee alikuwa anapitisha kidole juu ya ile 31.4, taratibu, kama anayetaka kuufuta wino wake mwenyewe.

"Nilimfanya mwongo," akasema. "Miaka thelathini na minne nimemfanya mwongo."

Kuirudisha namba ile kulikuwa na sharti. Kanuni ya hifadhidata inasema kipimo kilichofutwa hakirudishwi mpaka aliyepima athibitishe mwenyewe, kama yu hai, na jina lake liandikwe. Na ukurasa wetu ulikuwa unafungwa Ijumaa. Yaani ampigie simu mwanamke ambaye hajasikia sauti yake tangu binti yao akiwa mdogo, au amwache abaki mwongo mbele ya nchi zote zile, safari hii kwa kudumu.

Namba ya simu alikuwa nayo. Binti yake, anayeishi mbali na kumtumia salamu za mwaka mpya, alimwandikia kwenye kadi zamani. Kadi ilikuwa kwenye droo, imelegea pembe kwa kushikwashikwa.

Jumanne hakupiga. Jumatano alikuja bila kunyoa, na yule mama alipomuuliza ameamkaje akajibu "salama" na basi. Alhamisi nikamsikia anafungua droo, anafunga, anafungua. Uvumilivu ukanishinda. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Mzee, umewahukumu wapimaji wa nchi nzima. Leo zamu yako. Piga."

"Nitasema nini, dada?"

"Sema ulichosoma. Si ndiyo kazi yako?"

Nilitaka kutoka lakini akaniomba nibaki. Masikio yake hayasikii vizuri tena, akaweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza. Ikalia sana. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Baba wa binti yako."

Nilisikia kwa mbali huko kwake mtu anapiga deki, ndoo inasogezwa.

"Mtoto yuko salama?" akauliza.

"Salama. Nimepiga kwa jambo la kazi. Lile daftari la kilimani, nilipokwenda kumzika mama. Ile siku ya sita..."

"Thelathini na moja nukta nne," mwanamke akasema.

Mzee akafumba macho. Miaka thelathini na minne, na namba ilikuwa pale pale mdomoni, haikupungua hata tone.

"Ndiyo," akasema. "Tumepata ushahidi. Upande wa pili wa kilima, nchi jirani, nao walipima. Ishirini na nane nukta sita. Ulisema kweli."

"Kwa hiyo umeniamini kwa kuwa wageni wamesema."



"Nisamehe," Mzee akasema. "Nataka kuirudisha ile namba, kwa jina lako. Wanataka uthibitishe."

"Ipi?"

"Ile ya siku ya sita."

"Na zile sifuri nane?"

Mzee akanitazama, akaitazama simu. Kweli kabisa, kwenye fomu alikuwa amejaza siku moja tu. Nane zilizobaki alikuwa ameziacha na mstari.

"Mvua hata kipofu angeiona," mwanamke akasema, na sasa sauti yake haikuwa kavu tena. "Ile haikunipa kazi. Zile sifuri nilizifuata kwa miguu, kila asubuhi saa tatu, mtoto mgongoni, napanda kilima kwenda kutazama chupa tupu. Nilikwenda, unasikia? Hukuwapo, na mimi nilikwenda. Andika zote tisa. Na uandike jina langu, langu na la baba yangu. Usiandike mke wa fulani."

"Nitaandika."

"Basi. Nimethibitisha."

"Na wewe, hujambo? Unaishi na nani huko?" akauliza haraka haraka, ameinamia simu mpaka pua inaigusa. Lakini mwanamke alikuwa amekwisha kukata.

Mzee alivuta kompyuta. Nikamwambia sifuri nane zinaweza kujazwa kwa mpigo mmoja, kijana wa kompyuta alinionyesha. Akatikisa kichwa. Alijaza moja moja: anaandika tarehe, anatazama daftari, anaandika sifuri, anatulia kidogo, anakwenda ya pili. Ilichukua muda wote wa chai, na mimi siku hiyo sikwenda kuigiza mtu. Kwenye nafasi ya mpimaji aliandika jina la yule mwanamke mara tisa, jina zuri, sikuwahi kulisikia likitajwa katika ofisi ile. Rangi nyekundu ya pengo kwenye kompyuta ikaondoka. Kituo cha kilimani hakina tena hata siku moja iliyokosa kupimwa.

Jumatano iliyofuata mama wa nchi jirani alimpongeza mbele ya wote, akamuuliza, "Mzee wangu, huyo mpimaji wenu hodari bado yupo?"

"Yupo," Mzee akasema.

Alistaafu mwezi wa kumi. Kazi yake nimepewa mimi, kwa sababu mkurugenzi alipotuita tena mkutanoni nilichelewa kutazama viatu. Nilipoisafisha droo nikaikuta ile kadi, na nyuma yake, kwa mwandiko ulionyooka kama rula, amepanga tarehe za kila Jumapili tangu siku ile ya simu. Mbele ya kila tarehe kuna saa aliyopiga, saa tatu asubuhi, na sifuri.