Kinu, Sufuria na Mguu wa Ubaldo

Babu yangu Valeriani alimpitishia mtu gari mguuni.

Mchana kweupe. Akijua anachofanya. Na mwenye mguu ndiye aliyekuwa anampigia kelele: "Pitisha! Pitisha, nakufa!"

Najua unavyofikiria. Tulia kwanza nikusimulie, halafu utahukumu mwenyewe.

Ilikuwa Machi 1957, mvua imeshika Mpanda yote, watu wanatembea na viatu mkononi.

Valeriani alikuwa na miaka thelathini na moja, Mpimbwe wa Usevya, alikuja Mpanda kutafuta kazi ya mgodi. Akaipata. Miaka mitatu baadaye jiwe likaondoka na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto.

Mtu wa vidole vinane akaonekana hafai kushika nyundo. Akaachishwa. Nyumba ya kambini akaambiwa aiachie mwisho wa mwezi.

Na ndani ya nyumba hiyo alikuwemo mkewe Felista, mimba ya miezi saba, na mtoto wao Kalista wa miaka mitatu, ambaye homa ikipanda kidogo tu anashikwa na degedege.

Kurudi Usevya? Maji yalikuwa yamebeba mpunga wote. Kaka zake walikuwa wanakula mizizi.

Ndipo akasikia wapima barabara wanatafuta dereva. Dereva mmoja tu, wa kudumu, na kazi ina nyumba ya bati.

Udereva alijifunza jeshini wakati wa vita. Akaenda mbio.

Akakuta hayuko peke yake. Yupo Ubaldo, Mbende wa Mwese, mrefu, mcheshi, naye anaitaka kazi hiyohiyo. Naye ana watu wanaomtegemea, mmoja wao mama yake kipofu.

Bosi wao alikuwa Mzungu mmoja, watu wakimwita Bwana Kofia. Akawaonyesha magari mawili ya porini, ya makampuni mawili tofauti.

"Nataka kujua gari ipi nzuri," akasema. "Wewe hii, wewe ile. Nenda Usevya, rudi. Gari yako ikishinda, kazi yako."

Basi. Kwisha maneno.

La Valeriani lilikuwa la jeshi, la zamani. Bodi ya chuma kinene, ukigonga linalia kama kengele ya kanisa. Bampa kama reli. Springi ngumu, ukikaa saa moja mgongo unauma siku mbili. Linakunywa petroli kama ng'ombe kisimani. Lakini linavuta kisiki na mizizi yake.

Ubaldo akalipachika jina: Kinu.

Lake Ubaldo lilikuwa jipya, bodi ya bati jeupe lile la masufuria, jepesi, halishiki kutu. Injini ndogo, inakula kidogo, inapanda mlima inaimba. Ila nyaya zake za umeme zilikaa chini chini, na maji yakifika tu, linazima.

Valeriani akaliita Sufuria.

"Sufuria lako ukilipiga ngumi linabonyea," akamwambia.

"Na Kinu chako kikizama nani atakiinua?" Ubaldo akajibu. "Mimi Sufuria langu watu sita tunalibeba begani."

Wakacheka. Lakini macho hayakucheka.

Wakaondoka asubuhi. Karani wa Bwana Kofia, Maximilian, akapanda kwa Valeriani na daftari lake la kuandika kila kitu. Kwenda na Kinu, kurudi na Sufuria, ndivyo alivyopangiwa.

Mpaka Sitalike walikuwa sawa. Kwenye mbuga ya tope jeusi mambo yakaanza.

Kinu kilikuwa kizito, kikawa kinakwama. Valeriani anashuka, anachimba, anakata matawi, anatandika. Mara nne. Sufuria likapita pembeni linateleza juu ya tope kama bata, Ubaldo anapunga mkono.

Maximilian akaandika.

Kufika kwenye mawe, kibao kikageuka. Sufuria likawa linarukaruka, likavunja jani la springi, Ubaldo akalifunga kwa kamba na kipande cha mti. Kinu kikapita juu ya mawe hayohayo kama hakuna kitu.

Maximilian akaandika tena.

Walipofika mto Kavuu, Valeriani alikuwa mbele.

Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Kule juu kwenye kona, viboko wanapumua.

Valeriani akaingia taratibu, gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne yanavuta. Maji yakapanda mpaka kiti. Kinu hakikukohoa hata mara moja. Kikatoka ng'ambo kinachuruzika.

Kutoka ng'ambo hiyo zilibaki maili kumi na mbili tu hadi Usevya, kwao.

Akageuka nyuma. Akaona Sufuria limezima katikati ya mto.

Ubaldo akashuka, akainama, anasukumiza mawe mbele ya gurudumu la nyuma, maji yasilichukue. Mara mkondo ukalisogeza gari.

Ikasikika sauti moja. Halafu: "Valeee! Mguu! Limenibana mguu!"

Sasa nikuambie kitu ambacho babu hakukisema kwa miaka arobaini.

Alitia gia. Kinu kikasogea mbele.

Hatua moja, mbili, tano. Akilini anaiona nyumba ya bati. Anamwona Kalista anatetemeka povu mdomoni. Maximilian, kalamu mkononi, anamtazama.

Hatua kumi.

"Bwana karani, sema kitu," Valeriani akasema.

"Mimi naandika tu," Maximilian akajibu. "Nitaandika utakachofanya."

 Akavuta breki. Akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni.

Walimkuta Ubaldo maji yako kifuani, kajipinda, mguu wa kulia umebanwa kati ya tairi na jiwe. Walijaribu jeki, ikazama kwenye mchanga. Walijaribu kuchimba kwa mikono, mchanga ukawa unarudi. Walijaribu kulinyanyua, watu wawili, hebu fikiria.

Maji yakafika shingoni. Huko milimani mvua ilikuwa inaendelea.

"Vale," Ubaldo akasema, meno yanagongana. "Lete mnyororo. Livute."

"Nikilivuta linapanda juu ya mguu."

"Najua."

"Utavunjika vipande vipande, Ubaldo."

"Mguu ni wangu! Roho nayo ni yangu! Pitisha! Pitisha, nakufa! Utaniacha viboko wanikute hapa?"

Valeriani akafunga mnyororo. Vidole ni vinane, pini haiingii tunduni. Maximilian akatupa daftari kwenye majani, akaingia majini, akamshika Ubaldo kichwa kisizame.

"Salamu Maria," Ubaldo akaanza. Hakumaliza.

Valeriani akapanda Kinu. Akaachia klachi pole pole. Mnyororo ukanyooka. Kinu kikaguna, kikachimba, hakiendi. Akaongeza moto. Chini ya miguu yake kitu kikalia kama mti unaokatika.

Hakuacha.

Sufuria likajitikisa. Likapanda.

Ule ukelele wa Ubaldo, babu alisema, mpaka viboko walizama.

Maximilian akamburuta hadi nchi kavu. Mguu chini ya goti ulikuwa umeelekea kwingine kabisa. Lakini alikuwa anapumua. Analia, anatukana, anapumua.

Sufuria nalo likafika ukingoni. Na papo hapo Kinu kikakatika. Ndiyo, kikakatika. Ile chesisi, uti wa mgongo wa gari, ikapasuka katikati, pua ikaangukia tope. Valeriani akachungulia chini: ndani ya chuma kile cha kutisha kulikuwa na kutu tupu, inameguka kama mkate mkavu. Juu walikuwa wamepaka rangi.

Wakabaki na Sufuria.

Valeriani akafungua boneti. Akakausha nyaya, plagi na kifuniko cha umeme kwa shati la Maximilian. Akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha mpaka kiganja kikachubuka. Mara ya kumi na ngapi sijui, likakohoa. Likawaka.

Gari alilolicheka ndilo lililombeba Ubaldo maili kumi na mbili hadi zahanati ya Usevya. Lile bati jepesi, springi ya kamba, lilifika.

Mganga wa pale, mzee Cletus, aliunga mguu kadiri alivyoweza. "Atachechemea," akasema. "Ila mtu aliyekufa hachechemei."

Siku ya tatu, mto umepungua, Valeriani na Maximilian wakarudi Mpanda na Sufuria. Njia nzima Maximilian aliandika. Kurasa kumi na moja. Kipi kilivunjika wapi, kipi kilistahimili nini. Mwishoni akaandika kwamba dereva Valeriani aliacha ushindi akamwokoa mwenzake, apewe kazi.

Wakaingia uwanjani kwa Bwana Kofia.

Wakakuta magari manne mapya yamepangwa kwa mstari. Si aina ya Kinu. Si aina ya Sufuria. Aina ya tatu kabisa, hata hawajawahi kuiona. Yameshuka kwenye treni siku moja kabla, pamoja na madereva wake kutoka Tabora.

Maximilian akamnyooshea daftari. Bwana Kofia akalipokea, hakulifungua.

"Bwana," Valeriani akauliza, "haya yameagizwa lini?"

"Desemba."

"Desemba! Sasa sisi Machi ulitutuma nini?"

Mzungu akakuna shingo. "Wakubwa wanataka karatasi. Kuonyesha majaribio imefanyika."

Ndiyo hivyo. Mguu wa mtu, kwa ajili ya karatasi ya kuweka kabatini.

Babu alitembea hadi kambini bila kuona njia. Akakaa mlangoni. Felista akatoka, mkono kiunoni, akamtazama uso akaelewa.

"Kazi hakuna."

"Hakuna."

"Na Ubaldo?"

"Yu hai."

Felista akashusha mkono kiunoni. Kisha akasema, "Basi kunja mkeka, Baba Kalista. Tuondoke mchana huu, tusingoje kufukuzwa."

Wakaenda Kakese, wakaomba shamba kwa watu wasiowajua, wakalala wiki saba kwenye kibanda cha kulindia mahindi. Humo ndimo alimozaliwa mama yangu.

Funzo nililobaki nalo ni hili. Siku ukimwacha mwenzako majini ili uwahi kushinda, angalia vizuri. Huenda hata huo ushindi wenyewe walishagawana tangu Desemba.